Kutoka kwa Mazingatio, na Haki ya Waliobaki Nyumbani

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi wapate waja wake kupita humo, akayajaalia maji ya bahari kupanda na kushuka kwa kipimo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Amma baad:

Yuko mtu wa mji, naye si mmoja bali ni wengi, ambaye siku zake zimefanana kama punje za tasbihi. Huamka kwa adhana ya alfajiri, akenda msikitini kwa kichochoro kile kile, akasimama katika safu mahali pale pale. Akitoka hunywa kahawa barazani pamoja na watu wale wale, akasikia khabari zile zile za bei na za mazishi, kisha akafungua duka. Adhuhuri hufunga, alasiri hufungua, na baada ya isha hulala hali ya kuhesabu nani amelipa na nani hajalipa. Mtu huyu si mwovu. Hakuacha sala, hakupunja mizani, wala hakuwanyima watoto wake chakula. Lakini siku moja husimama katika sala ya magharibi, na imamu anapotoa salamu, yeye hajui ni sura gani iliyosomwa. Alijualo ni idadi ya magunia ya mchele yaliyobaki ghalani. Hapo moyo humshtuka, akajiuliza: aliyesali ni yeye, au ni mazoea yake?

Mtu aliyefikwa na swali hili hutamani kutoka. Hutamani kulifunga duka siku mbili tatu, akapanda chombo au akashika njia ya mashamba, apate kuiona nafsi yake pasipo kelele za soko. Na hapo watu humgawanyikia. Wako wasemao kwamba kutoka kwake ni upuuzi, kwani mwenye akili hatoi fedha yake kwenda kutazama miti, na ibada mahali pake ni msikitini. Na wako wamsifuo, wakaona kila mwenye kutoka ni mwenye busara na kila mwenye kukaa ni mfungwa. Kila kundi lina neno moja la kweli, limelishika hilo likaacha mengine. Kwa hiyo yafaa jambo hili litiwe katika mizani: kutoka huku ni kheri lini, na ni dhuluma lini?

Kwanza ijulikane kwamba mazoea si adui wa mtu. Sheria yenyewe imefungwa kwa nyakati: sala tano kila siku, Ijumaa kila juma, Ramadhani kila mwaka. Siku ambayo moyo umechoka, ni mazoea yanayouchukua mguu hata msikitini, na lau si hayo watu wengi wangalipotea kwa uvivu wa siku moja tu. Ila mazoea yana khiana yake. Mwenye nyumba ufukoni hasikii tena mawimbi, si kwa kuwa bahari imenyamaza, bali kwa kuwa sikio limezoea. Kadhalika mwenye kutamka jina la Mola wake kila siku huweza kufika mahali ulimi ukatamka na moyo usiwepo. Maradhi haya hayatibiwi kwa kuiacha sala, wala kwa kulichukia duka. Hutibiwa kwa kuuamsha moyo, na moyo aghalabu huamka mtu anapotiwa mahali asipopazoea.

Na Qurani Tukufu imelielekeza jambo hili waziwazi. Katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, watu wameamrishwa wende katika ardhi watazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 190 na ya 191, wamesifiwa wenye akili ambao humkumbuka Mola wao wakiwa wima, na wakikaa, na wakilala, nao hufikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 46, wamelaumiwa wasiotembea katika ardhi wakapata nyoyo za kufahamu, na ikabainishwa kwamba upofu ulio mbaya ni ule wa nyoyo zilizo vifuani. Basi asemaye kwamba kutazama mti au nyota si katika dini amesema pasipo ilimu. Lakini na azingatie mwenye kutoka: aya hizi hazikumsifu mtembezi kwa miguu yake, zimemsifu kwa fikira zake. Punda wa mizigo naye hutembea sana.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe. Kabla ya kupewa utume alikuwa akitoka Makka akapanda mlima wenye pango la Hira, akakaa huko masiku yenye kuhesabika akiabudu. Wengi huijua khabari hii, lakini wachache huzingatia namna ilivyokuwa. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, na Imamu Bukhari ameipokea, kwamba alikuwa akichukua chakula cha masiku hayo, kisha hurudi kwa Bibi Khadija akachukua kingine. Maana yake ni kwamba nyumba haikuwa imeachwa. Ilikuwa imefungamana na pango. Na ulipomshukia wahyi kwa mara ya kwanza, mwaka 610 kwa hesabu ya miladi, hakubaki mlimani. Alishuka hali ya kutetemeka, akaingia nyumbani kwake akataka afunikwe, na Bibi Khadija ndiye aliyemtuliza na kumpa moyo. Basi mtu wa kwanza kulipokea jambo lililotoka mlimani alikuwa yule aliyebaki nyumbani.

Na baada ya utume, Mtume (S.A.W.) hakuwapa watu wake ruhusa ya kuikimbia dunia. Imamu Tirmidhi amepokea khabari ya Sahaba mmoja aliyepita bondeni penye chemchemi ndogo ya maji matamu. Mahali pale palimpendeza, akatamani ajitenge na watu aishi huko, lakini akasema moyoni kwamba hatafanya mpaka atake idhini. Alipomwendea Mtume (S.A.W.) akakatazwa, akaelezwa kwamba kusimama kwa mtu katika njia ya Mwenyezi Mungu ni bora kuliko kusali nyumbani kwake miaka 70. Imepokewa vile vile ya kuwa safari ni sehemu ya adhabu, na kwamba msafiri akisha kukidhi haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Wala pasidhaniwe kwamba khabari hizi zinapingana na ile ya Hira. Hira ilikuwa na kurudi. Bonde lile halikuwa na kurudi. Hapo ndipo penye mpaka.

Mpaka huu huonekana wazi zaidi ikitazamwa mifano miwili ya wanavyuoni waliotoka majumbani mwao.

Wa kwanza ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali. Alikuwa mwalimu wa Madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad, naye katika zama zake alikuwa na cheo kisichokuwa na mshindani. Akajihoji juu ya niya ya kusomesha kwake, akaiona si ya Mwenyezi Mungu peke yake, bali imechanganyika na kupenda jaha na kusikika kwa jina. Alibaki akisitasita karibu miezi sita, leo akiazimia kuondoka na kesho akighairi, hata ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakimshuki. Mwisho mwaka 488 wa Hijra, nao ni mwaka 1095 wa miladi, akatoka. Akaigawa mali yake, ila hakugawa yote: alibakisha ya kumtosha yeye na ya kuwalisha watoto wake. Akakaa Sham karibu miaka miwili katika khalwa, akazuru Baitul-Muqaddas, akenda Hijazi kuhiji. Kisha, kama alivyoeleza mwenyewe, wito wa watoto wake ulimvuta akarudi katika nchi yake. Na mwaka 499 wa Hijra akarudi kusomesha, katika mji wa Nishapur. Wako waliosema kwamba amerudi pale pale alipotoka. Yeye aliona sivyo: zamani alikuwa akiieneza ilimu ya kumpatia mtu jaha, na sasa anaita katika ilimu ya kuiacha jaha. Kazi ilikuwa ile ile, na mfanyaji kazi alikuwa mwingine. Na katika kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din ameweka mlango wa kujitenga, na mlango wa adabu za safari, na mlango wa tafakuri. Na katika kujitenga hakutaja faida peke yake, ametaja na madhara.

Wa pili ni Ibn Battuta, ambaye watu wa pwani hii wana haki ya kumkumbuka. Alitoka kwao Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka 21, kwa niya ya kuhiji, akawaacha wazazi wake wawili wakiwa hai. Safari ya Hija ikazaa safari, na safari ikazaa nyingine. Mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa. Akawaona watu wa Mombasa ni wafuasi wa Imamu Shafii, wenye dini na uaminifu. Akaisifu misikiti yao ya mbao iliyojengwa madhubuti, akataja visima vilivyoko milangoni ambapo kila mwenye kuingia huosha miguu yake. Lau si kutoka kwa mtu huyu, ushahidi huo juu ya wazee wetu usingalikuwepo. Ni lazima alipwe sifa yake. Lakini mwaka 1348, alipokuwa Dameski, ndipo aliposikia ya kuwa baba yake alikufa miaka 15 iliyokwisha kupita. Na alipokaribia kwao mwaka 1349, akapewa khabari kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Alizuru kaburi. Mtu aliyejua njia za India na za China hakuwahi kuishika tena mikono ya wazee wake.

Haisemwi hapa ya kuwa huyu ni mwovu na yule ni mwema. Hesabu ya waja iko kwa Mola wao. Linalosemwa ni kwamba safari ina gharama, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na asiyesafiri. Imamu Ghazali kabla ya kutoka alijiuliza ni nani atakayelipa, akaweka chakula cha watoto. Na swali hili ndilo ambalo mwenye duka, anayetamani kupumzika na mazoea yake, hulisahau upesi kuliko yote.

Kwani na atazame ndani ya nyumba yake. Yeye analalamika kwamba siku zake zimefanana, hali ya kuwa kila siku hutoka mara tano kwenda msikitini, hukaa barazani, huenda bandarini, hupokea wageni wa nchi nyingine dukani kwake. Na mkewe je? Kuna mke ambaye mwezi mzima hakuona ila ua, na jiko, na kuta nne, na kikapu cha nguo. Ikiwa moyo wa mume huota kutu kwa kukaa, moyo wa mke umeumbwa kwa nini hata usiote? Na ikiwa kuzitazama ishara za Mwenyezi Mungu ni ibada, ni nani aliyeifanya ibada hiyo iwe ya wanaume peke yao? Salman al-Farisi (r.a.) alipomwona ndugu yake Abu Dardaa amejitupa katika ibada mpaka mkewe amesahauliwa, alimwonya kwamba Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na ahali wana haki yao, na kila mwenye haki apewe, na Mtume (S.A.W.) akamsadiki Salman. Ikiwa sala ya usiku haikuwa udhuru wa kuwasahau watu wa nyumbani, matembezi yatakuwaje udhuru? Na Mtume (S.A.W.), katika mojawapo ya safari zake, alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa, na katika safari nyingine akashindana naye, akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile. Khabari hii imo katika Abu Daud. Aliye mbora wa viumbe hakuona haya kukimbia na mkewe mchangani, nao wako waume wanaoona haya kuongozana na wake zao hata ufukoni.

Basi ikiwa haki zimetimizwa, madeni yamelipwa au wenye madeni wameridhia, chakula kimewekwa, na niya imesafishwa, mwenye kutoka na atoke kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wala hana haja ya kwenda mbali. Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, lakini kuuamsha moyo hakuhitaji jahazi kubwa. Wavuvi wa miji yetu humchukua mtu katika ngalawa baada ya isha, na mwendo wa saa moja tu hutosha kuona mji wote umegeuka mstari wa taa. Duka lililomkosesha usingizi haonekani lilipo. Juu yake ziko nyota zile ambazo manahodha walizifuata wakivuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na Kilimia kimesimama mahali pake kama kilivyosimama juu ya babu zake. Chini yake maji ya bamvua yanakwenda zake, hayamngoji tajiri wala fakiri. Mwenye kukaa kimya hapo kwa muda wa kusoma Yasini hujiona udogo wake pasipo kufundishwa na mtu.

Na anayetaka kuizingatia miji, na aende Gedi, katika msitu ulio karibu na Watamu, mwendo wa kama kilomita 100 kaskazini ya Mombasa. Huko umo mji mzima wa Waislamu uliojengwa kwa mawe ya bahari, ukahamwa katika karne ya 17, na miti ikaota ndani ya vyumba. Msikiti wake wa Ijumaa ungaliko na mihrabu yake, na visima vyake, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, nao ni mwaka 1399. Tangu mwaka 1948 mji huo ulifukuliwa na James Kirkman, na nyumba zake zikapewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: hii nyumba ya mkasi, hii ya taa ya chuma, hii ya kauri. Palipatikana na vyombo vya China, vilivyonunuliwa bila shaka kwa kupatana bei sana. Mwenye duka akisimama juu ya kizingiti cha nyumba kama hiyo huona jambo la kumtoa jasho. Watu hawa nao walikuwa na magunia ya kuhesabu, na wadeni wa kuwafuata, na magharibi ambazo imamu alitoa salamu wao wakiwa ghalani. Leo nyumba haijulikani kwa jina la mwenyewe, inajulikana kwa mkasi wake.

Hata hivyo kutoka kuna adabu, na asiyezichunga atarudi na uchovu tu. Sala isicheleweshwe kwa sababu ya kutazama alichokiumba yule asaliwaye. Wenzake wawe watu ambao mbele yao aweza kunyamaza, kwani mwenye kwenda msituni na baraza yake nzima hakutoka, ameihamisha baraza. Simu aliyonayo mfukoni, ikiwa kila dakika yamletea bei za sokoni, basi soko limempanda mabegani. Na akishapumzika kutazama nje, atazame ndani: ajihesabu kama mwenye duka ajihesabuvyo mwisho wa mwaka, ni nani aliyemdhulumu, ni neno gani alilolisema bila haki, ni kwa nini sala yake imekufa, na lipi atalibadili siku ya kwanza atakaporudi. Akiwa hana alilolikusudia kulibadili, amekwenda matembezi; si haramu, lakini asiyaite mazingatio.

Na kurudi ndiko kwenye hukumu. Watu humpima mwenye kutoka kwa umbali aliofika na taabu aliyoiona njiani. Hiyo ni mizani ya mabaharia. Mizani ya sawa iko mlangoni pa nyumba yake. Akirudi akiwa mpole kuliko alivyotoka, na mkweli zaidi katika kuuza, na moyo wake umo katika Fatiha, basi siku zile mbili zilikuwa ibada ingawa alizila akiwa amekaa mchangani. Akirudi akaidharau nyumba yake kwa kuwa ni ndogo, akawachoka watoto kwa kelele zao, na akawa hana neno ila kungoja safari nyingine, basi alichokiita mazingatio kilikuwa ni ukimbizi.

Mwenye duka yule, baada ya siku mbili, hurudi mjini kwa kichochoro kile kile. Magunia yako pale pale, na wadeni wake hawakulipa kwa sababu ya yeye kutazama nyota. Hakuna kilichobadilika nje yake. Akafika mlangoni, akapiga hodi, akatoa salamu, na mkewe akaitikia kutoka uani na mikono yake ina unga. Ikiwa mtu huyu ataingia akaanza kusimulia maajabu aliyoyaona, faida yake ni nusu. Na ikiwa atamwambia ya kuwa Ijumaa ijayo baada ya sala ajitayarishe pamoja na watoto, kwani yako mambo ufukoni ambayo nao wana haki ya kuyaona, basi amerudi kweli.

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kutazama wakazingatia, na wenye kutoka wakarudi na kheri, na wenye kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin. Wallahu aalam.